Karura: Msitu wa Wote Una Wenyewe

Darasani tumesoma hoja ya Aristotle kwamba kitu cha watu wengi ndicho hutunzwa kidogo kuliko vyote. Mtaani hoja hiyo husemwa kwa ufupi: mali ya umma haina mwenyewe. Tunawaomba wanaoiamini waitazame Karura.

Msitu huu wa Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia miaka ya 1990, vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kimyakimya kampuni za binafsi. Aliyegawa hakuwa mwizi wa usiku. Alikuwa ndiye aliyekabidhiwa ulinzi. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti getini wakashambuliwa na genge, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Ujenzi ukasimama.

Lakini kuuokoa msitu si sawa na kuuhuisha. Kwa miaka kadhaa Karura ilibaki mahali pa kuogopwa, na mtu mwenye akili zake hakutembea humo peke yake. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowafungulia wananchi mlango wa kusimamia misitu pamoja na serikali. Ikaundwa jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi. Hilo la vijana tunalithamini kuliko uzio. Mikaratusi inapunguzwa hatua kwa hatua, miti ya kiasili inapandwa, na mbega wamerudishwa.

Mwaka 2025 ukazuka mvutano: je, ada za kiingilio zipitie mfumo wa malipo wa serikali, au zibaki chini ya usimamizi wa pamoja? Jambo likafika mahakamani. Kwamba fedha za umma zihesabiwe wazi, hatupingi hata kidogo. Ila ada hizo ndizo zinazomlipa mlinzi na kununua miche. Zikienda mbali na msitu, mwananchi atabaki mgeni anayekata tiketi, na Aristotle atakuwa amepata ushahidi wake.

Jumuiya nayo iulizwe swali lake: mama wa Huruma anayeokota kuni humo ana kiti mezani pesa zinapogawanywa, au huitwa siku ya kupigwa picha tu?