STAREHE INUNULIWE, UHAI USIUZWE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Wahenga hawakukosea walipolonga: usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikiona kilichoelea kabla sijajua kimeundwaje. Ilikuwa likizo ya Desemba, nami nimo kwenye feri upande wa Likoni. Feri ilikawia kuondoka kwa sababu meli ya kitalii ilikuwa ikipita mbele yetu kuingia Kilindini. Ilikuwa nyeupe pepepe, ndefu kama mtaa mzima, na ubavuni mwake roshani zimepangwa juu ya roshani kama sega la nyuki. Watu wamesimama humo wakitupungia mikono. Mmoja alikuwa na kikombe mkononi na vazi la kuogea mwilini, kana kwamba yuko uani kwake. Sisi nasi tumebanana kama dagaa katika kikapu. Mama mmoja kando yangu, mwenye ndoo ya maembe, akaguna: "Ama kweli dunia ni mbili!"

Maneno hayo yalinikaa. Muhula wa kwanza chama chetu kilipojadili hoja kwamba vyumba vya fahari melini ni israfu tupu, niliiunga mkono kwa nguvu zangu zote. Nilipiga meza. Nilisema mtu anayelipa mara tatu au nne ili tu alale karibu na kijibaraza cha kutazama maji, maji yaleyale ambayo mwenzake anayatazama bure sitahani, ana pesa nyingi kuliko akili. Nilipigiwa makofi mpaka bwalo likatetemeka.

Leo nimekuja kurudisha nusu ya makofi yale.

Kwanza tuelewane. Vyumba vya meli za kitalii kwa kawaida ni vya aina nne. Kuna vya ndani, visivyo na dirisha, ambavyo ndivyo rahisi kabisa. Kuna vyenye dirisha lisilofunguka. Kuna vyenye roshani. Halafu kuna vile vya fahari, vyenye sebule, bafu la kujinyoosha na mtumishi wa kuitwa kwa kengele. Roshani za binafsi si jambo la jana. Meli za Italia ziitwazo Saturnia na Vulcania zilikuwa nazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini kwa matajiri wachache tu. Mwaka 1984 ikaja Royal Princess, iliyojengwa bila chumba cha abiria hata kimoja cha ndani, na baadhi ya vyumba vyake vikiwa na roshani. Tangu hapo waundaji wa meli wakashika mkondo huo. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwaka 2024, ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350. Jiulize ni shule ngapi kama yetu hizo!

Sasa, aliyenirudisha nyuma katika ubishi wangu ni ami yangu. Yeye alikuwa baharia, ila si baharia wa usukani. Alikuwa akitandika vitanda na kusugua vyoo katika meli ya kitalii. Nilipomsimulia jinsi nilivyowashinda wapinzani wangu, hakucheka. Aliniuliza, "Wewe mwana, ushawahi kumhudumia mgonjwa baharini?" Nikasema sijawahi. Akanieleza habari za mzee mmoja aliyekuwa akimsafishia chumba cha roshani. Mkewe alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea hata hatua kumi. Mzee yule hakuwa tajiri. Alikuwa dereva aliyestaafu, na fedha alizidunduliza miaka mingi. Kila alfajiri alimvuta mkewe kwa kiti mpaka pale robashani, akamfunika blanketi, wakatazama jua likitoka. "Wewe ungemwambia ni mpumbavu?" ami aliniuliza. Nilinyamaza jii.

Mgala muue na haki yake mpe. Roshani si israfu kwa kila mtu. Kwa mgonjwa, kwa mkongwe, kwa mama mwenye mtoto mchanga anayelala mchana kutwa, ule mlango wa kwenda hewani ni msaada mkubwa. Na mwenye pesa zake za halali akitaka tu kunywa chai akiyatazama mawimbi, basi na anywe.

Isitoshe, ami alinifundisha kwamba bei kubwa si lazima iwe chaguo bora. Kuchagua chumba cha meli ni elimu. Chombo huyumba zaidi omo na tezi, na juu kuliko chini. Kwa hivyo mwenye kichefuchefu akipanga chumba cha fahari huko juu kabisa mbele, amenunua mrama kwa bei ya dhahabu. Afadhali chumba cha katikati, sitaha ya chini. Anayelala chini ya bwawa la kuogelea huamshwa alfajiri na viti vikiburutwa juu ya kichwa chake. Roshani nyingine zimezibwa na mashua za kuokolea watu, ukifungua pazia unatazamana na tumbo la mashua. Na mtu anayeshinda sitahani, akirudi chumbani ni kulala tu, kwa nini asichukue cha ndani, kisha pesa zilizobaki akazitumie bandarini kwa mama muuza maembe?

Hapo ndipo nusu ya makofi ninapoirudisha. Nusu ya pili siirudishi ng'o, na sababu ninayo.

Mwaka 1912 meli ya Titanic ilikuwa na vyumba viwili vya fahari, kila kimoja na baraza lake la binafsi. Hilo halikumuua mtu. Kilichoua ni kwamba meli yenye watu zaidi ya 2,200 ilikuwa na mashua 20 tu, zenye nafasi ya watu 1,178. Nazo mashua hizo zilikuwa juu, karibu na wenye daraja la kwanza. Wa daraja la tatu walikuwa chini, na njia ya kufika juu ilikuwa ndefu na ya kupotezana. Katika kila abiria 10 wa daraja la kwanza takriban 6 waliokoka. Wa daraja la tatu waliookoka walikuwa kama robo tu. Bahari haikuuliza tikiti ya mtu, ila watu walikuwa wameshaiuliza kwa niaba yake.

Usidhani hayo ni ya Wazungu wa zamani. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Je, wa daraja la tatu walikuwa wangapi? Hawakuwa na orodha! Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Fikiria, msomaji, mtu kupanda chombo akiwa na jina lake, lililotolewa na wazazi wake, asiandikwe kwa sababu tikiti yake ni ya bei rahisi. Kulala bila godoro ni umaskini, nao huvumilika. Lakini kutoandikwa, hata wakakutafutao wasijue kama ulikuwemo, huo ni udhalimu.

Na Februari 2020, Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Ujapani, kwa ajili ya korona. Ndani yake walikuwemo watu 3,711. Wenye roshani walifungua mlango wakavuta hewa. Wa vyumba vya ndani walikaa kati ya kuta nne bila dirisha, wakingoja zamu ya kutolewa sitahani kwa muda mfupi. Je, wafanyakazi? Waliendelea kupika na kubeba chakula mlango hadi mlango, kisha wakarudi kulala katika vyumba vyao vya kushirikiana huko chini. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Hapo hewa yenyewe ilikuwa imepangwa madaraja.

Mpinzani wangu wa bwaloni atasema: "Kwani wewe unataka wote walale sawa? Ukiondoa vyumba vya ghali, nani atalipia mafuta ya meli ili wa ndani walipe kidogo?" Swali zuri, na sina chuki nalo. Sisemi wote walale sawa. Nasema kuna vitu vinavyouzwa na kuna vitu visivyouzwa. Godoro nene liuzwe. Roshani iuzwe. Sebule na maua juu ya meza viuzwe. Lakini nafasi katika mashua, jina katika orodha, njia ya kutokea na hewa ya kupumua, hivyo visiwe na daraja la kwanza wala la tatu.

Tena jambo hilo linawezekana, si ndoto ya mtoto wa shule. Baada ya Titanic, mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakatia saini mkataba wa usalama wa maisha baharini. Siku hizi kabla au mara tu meli ya kitalii inapoondoka, abiria wote hufundishwa pa kukimbilia hatari ikitokea, awe wa chumba cha fahari au wa ndani. Hata kwa wafanyakazi upo mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya yetu iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Ami alipousikia alitikisa kichwa. "Enzi zetu," alisema, "jua tulilijua kwa saa ya ukutani." Chumba chake kilikuwa chini kabisa, wakilala wawili, hakina dirisha. Alitandika roshani za watu mwaka baada ya mwaka, na yeye mwenyewe hakuwahi kuketi katika hata moja.

Mtasema, haya ya meli yatuhusu nini sisi wa mabwenini? Yatuhusu sana. Humu humu shuleni viranja wana vyumba vyao vidogo vilivyokingwa, nasi wengine twalala kwa safu, kitanda juu ya kitanda. Sina kinyongo. Kiranja ana kazi yake na apewe faragha yake. Lakini mlango wa bweni usiku ufunguke kwa kila mtu, na madirisha yasiwe na nondo, na kila jina liwe katika orodha ya kuitwa. Anayetaka kujua jamii ina utu kiasi gani asiitazame roshani yake. Ateremke ngazi akatazame mlango wa waliolala chini.

Kwa hivyo, mwenzangu, ukisoma kwa bidii, ukahitimu, Mola akakujalia ukapanda meli kama ile, nunua roshani ukitaka. Mpeleke mama yako akaone jua likitoka majini. Ila kabla hujaketi, mwulize anayekutandikia kitanda jina lake, umpe na bahashishi yake mkononi. Na ukipita Likoni ukatuona tumebanana kwenye feri, tupungie mkono. Sisi nasi tutakupungia.