Nguzo Inayoharibu Picha

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili hapa Kigobe, alituletea picha ya mandhari itumike katika somo la insha. Ilipigwa kuelekea magharibi: mbele mapaa ya mabati, nguzo ya umeme yenye nyaya zilizovurugana, na mama aliyekuwa akianika nguo uani; kisha mji wa Bujumbura ukiteremka hadi Ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Baadaye aliona kwamba nguzo inaharibu picha. Akaikata sehemu yote ya chini, yakabaki maji, milima na mawingu. Wengi walimsifu kwamba mpangilio sasa umekuwa bora. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Hatusemi kwamba picha isiguswe. Kidole cha mpiga picha kilichoingia pembeni na kikatwe. Ziwa lililolala upande na linyoshwe. Hayo ni kama kusahihisha tahajia. Lakini mwalimu anayefuta aya nzima kwa kuwa haikumpendeza hana haki ya kuendelea kuiita insha ya mwanafunzi.

Na tuyakumbuke yaliyotukia Davos, Uswisi, Januari 2020. Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha pamoja na wanaharakati wanne wa Ulaya, Greta Thunberg akiwa mmoja wao, na nyuma yao milima ya theluji. Shirika la habari la Associated Press liliitoa picha hiyo ikiwa na wale wanne tu. Ikaelezwa kwamba mpiga picha alikata kwa ajili ya mpangilio, maana jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuta macho. Haya, tukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Basi hapo ndipo penye kutisha zaidi, kwani haikuhitajika nia mbaya yoyote! Lilikatwa jengo, na Mwafrika pekee akaondoka nalo. Shirika liliomba radhi, lakini picha ilikwisha kutoka.

Turudi Kigobe. Insha za wanafunzi zilijaa maji matulivu na mawingu meupe, maneno ambayo wamekwisha kuyakariri tangu madarasa ya chini. Hakuna aliyeandika uani, wala kamba, wala kuanika na kuanua, wala paa na mapaa, ingawa somo lilikusudiwa hasa kwa maneno hayo. Yalikuwa katika kipande kilichotupwa. Mtoto mmoja, ambaye kwao ni chini ya mabati yale yale, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hii ni nchi gani?"

Wasifuo mpangilio watujibu: picha imekuwa bora kwa nani? Kwa mgeni atakayeitundika ukutani, pengine. Sisi tuna darasa la kufundisha Jumatatu, na tunamwomba mwenzetu atuletee ile ya kwanza, pamoja na nguzo yake.