Saa Ilikuwa ya Babu

Ben 10 ilianza kuonyeshwa Marekani Desemba 2005. Maanake ile saa ya kijani ina miaka 20 na ushei, na kizazi changu kimeamua kuipigia magoti. Kila wiki kuna msee anaposti picha yake na maneno ya kulilia utoto. Sina ubaya na kulilia utoto. Shida yangu ni mtu kulilia kitu ambacho hajakiangalia tangu akiwa darasa la tatu.

Mimi nimekiangalia tena. Misimu yote minne, pamoja na filamu ya 2007, halafu nikavuka hadi mifululizo iliyofuata. Hoja yangu ni hii, na naisema mapema ili ukitaka kukasirika uanze sasa: Ben 10 ni hadithi ya mrithi iliyovalishwa nguo za bahati. Mtoto mmoja tu mle ndani anafanana na sisi, anaitwa Kevin, na siku alipofungiwa sisi tulipiga makofi.

Tukumbushane kidogo. Ben Tennyson ana miaka 10. Yuko likizo na binamu yake Gwen na babu yao Max, wanazunguka Marekani kwa gari la kulala linaloitwa Rust Bucket. Usiku mmoja kitu kinaanguka kutoka angani, Ben anaenda kuchungulia, saa inamrukia mkononi na haitoki. Ndani mna DNA ya viumbe kumi kutoka sayari zingine. Anabonyeza, anageuka Heatblast wa moto. Anabonyeza tena, ni Four Arms, ama XLR8 wa mbio. Baada ya dakika chache saa inageuka nyekundu na yeye anarudi kuwa katoto ka kawaida.

Hapo ndipo tuliponaswa. Tuliambiwa saa ingeweza kumwangukia yeyote. Mimi nilijichorea yangu kwa biro, kwenye mkono wa kushoto, na nina hakika hata wewe ulijichorea. Kwa sababu kama ni bahati tu, basi kuna usiku mmoja itaanguka Kayole, ama Nyalenda, ama Likoni, na itamrukia mtoto aliyetumwa dukani kununua mafuta ya taa.

Sasa tafuta ile filamu, Secret of the Omnitrix. Inasema wazi kabisa kwamba saa haikuwa imepotea njia. Ilikuwa imetumwa kwa Max. Babu alikuwa Plumber, yaani askari wa siri wa kupambana na viumbe wa anga za mbali, na rafiki yake wa zamani, Xylene, ndiye aliyemtumia. Ilimkubali Ben kwa sababu DNA yake inafanana na ya babu yake. Ndio hivyo. Ingeanguka Kayole ingelala pale kwenye matope hadi mtu wa skrepu aipitie asubuhi na kuipima kwa kilo.

Utasema hayo ni maelezo madogo ya kufunga hadithi. Sawa, tumwangalie Gwen. Katika mfululizo wa kwanza Gwen hana saa. Ana kichwa. Anamnyang'anya mchawi Charmcaster kitabu chake, halafu anakaa chini anakisoma. Anakosea, anarudia, hadi uchawi unakuwa wake. Kwa msichana yeyote aliyewahi kusomea kwa mwanga wa simu, huyo ndiye alikuwa shujaa wa kweli mle ndani. Halafu 2008 ikaja Alien Force, na tukaambiwa nguvu za Gwen zinatoka kwa nyanya yake, Verdona, ambaye kumbe si binadamu. Iko kwa damu. Miaka yote ya kusoma ikafutwa kwa mazungumzo ya dakika mbili. Hata aliyejifundisha mwenyewe, hadithi haikuweza kumwacha bila kumtafutia ukoo.

Mkenya anapaswa kuijua hii hadithi hata kama amelala. Rais wetu wa kwanza na rais wetu wa nne ni baba na mwana. Ukitazama karatasi za kura za mwaka wowote utapata watoto, ndugu na wajane wa waliotangulia, na kila mmoja akihojiwa anasema alianza chini. Hatuna ugeni wowote na saa inayotafuta damu. Ugeni wetu ni kuambiwa waziwazi kwamba ndivyo inavyofanya kazi.

Sasa tuje kwa Kevin.

Kevin Levin anaingia msimu wa kwanza, katika sehemu inayoitwa "Kevin 11". Ana miaka 11. Anaishi peke yake New York, ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichoachwa. Nyumbani walimfukuza kwa sababu alizaliwa na uwezo wa kufyonza umeme, na wazazi hawakutaka kituko kwa nyumba. Ben anakutana naye mahali pa kucheza gemu, ambapo Kevin anatumia huo umeme wake kucheza bila kulipa.

Soma hayo tena polepole. Mtoto wa miaka 11, bila mzazi, bila kitanda, analala kwenye kituo cha treni. Uwezo wake hakupewa na mtu, haukutumwa kwa babu yake, na hauna kitabu cha maelezo. Kitu cha kwanza anachofanyia huo uwezo ni kucheza gemu. Ni mtoto! Angekuwa wa mtaa wangu tungemwita fundi, na watu wangempelekea simu zilizoharibika.

Hadithi inamwita nani? Mwizi. Anamgusa Ben, anafyonza nguvu za saa, na kuanzia hapo yeye ndiye adui. Anajiita Kevin 11 kwa sababu kumi za Ben anaziona chache, na hilo tunafundishwa kuliona kama kiburi. Baadaye zile nguvu zinamgeukia, anakwama kwenye mwili mmoja uliochanganya viumbe wote kumi, kipande cha huyu na mkono wa yule. Ben akibadilika anarudi kuwa Ben. Kevin akijaribu yaleyale, mwili unaharibika. Na katika msimu wa pili anafungiwa pamoja na Vilgax ndani ya Null Void, mahali pa kutupia wahalifu wa ulimwengu mzima. Vilgax ni jemadari wa vita aliyetisha sayari. Kevin ni mtoto asiye na kwao. Wakapewa hukumu moja, na sisi tukaenda kula chapati.

Najua jibu lako, kwa sababu nimelisikia kila nikileta hii story kwa wasee: Kevin alitaka kuua watu. Ni kweli. Katika ile sehemu ya kwanza anapanga kugonganisha treni ya abiria na treni iliyobeba pesa, ili azichukue. Ben anakataa, na Ben yuko sahihi kukataa. Siwezi kutetea hiyo treni na sitajaribu.

Lakini jiulize nani aliiweka hapo. Ni mbinu ya zamani. Mwandishi anaunda mtu mwenye malalamiko ya haki. Anaona malalamiko yanaanza kumshinda shujaa. Basi anampa huyo mtu mauaji, na kuanzia hapo hakuna anayelazimika kujibu swali lake. Killmonger katika Black Panther ya 2018 alifanyiwa hivyohivyo. Aliuliza kwa nini Wakanda ilijificha huku Weusi wengine duniani wakiumia, na kabla swali halijapoa akawekewa maiti za kutosha miguuni hadi swali likazikwa nao. Swali la Kevin lilikuwa jepesi zaidi: kwa nini huyu ana gari, babu na saa, na mimi nina kituo cha treni? Katika misimu minne hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemjibu. Babu Max, yule mpole wa kupika wadudu, askari mstaafu wa ulimwengu, alimwona mtoto analala chini ya ardhi na wasiwasi wake mkubwa ulikuwa kwamba anamharibia mjukuu.

Jibu la pili ninalopewa ni kwamba hii ni katuni tu, ilitengenezwa kuuza vidude. Enyewe ilitengenezwa kuuza vidude. Saa za plastiki na sanamu zilitoka Bandai, na feki zikafuata hadi Gikomba, pamoja na yale mabegi ya shule ambayo zipu ilikuwa inakata roho kabla ya katikati ya muhula. Lakini hilo halinipingi, linanisaidia. Tuliuziwa mkono wa mrithi. Hakuna begi la Kevin. Maelfu ya watoto waliokuwa wakiishi karibu zaidi na maisha ya Kevin walienda shule na uso wa Ben mgongoni, na hakuna aliyeona ajabu.

Niseme hili linanihusu vipi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kabla ya kuacha nilizunguka kutafuta basari, na katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, mtu hakufungua hata bahasha ya matokeo yangu. Aliniuliza: "Wewe ni wa nani?" Nikamtajia jina la mama. Akauliza tena, safari hii polepole, kama mtu anayedhani hujaelewa: wa nani? Saa ilikuwa inapima damu. Yangu haikusoma.

Hiyo si hadithi ya kipekee, ndio maana nimeisema. Jaza jina la kwenu, ni ileile. Na ukishakataliwa, ukaamua kutafuta riziki kwa ulichonacho, ukarekebisha simu bila leseni, ukauza mtumba njiani, ukaandika insha za wazungu wavivu usiku, jina lako linabadilika. Kanjo anakuita mhalifu. Gazeti linakuita tatizo la vijana. Juni 2024 tulipoingia barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, tuliambiwa kwenye televisheni kwamba wahalifu wameteka maandamano. Tunalijua hilo neno. Tulilisikia likitumika kwa Kevin tukiwa wadogo, tukakubali.

Kuna mtu mmoja, nadhani, aliyeliona kosa hili. Alien Force iliongozwa kwa upande wa hadithi na Dwayne McDuffie, yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Milestone, kampuni ya vibonzo iliyotuletea Static. Chini yake Kevin anarudi akiwa kijana, anauza vifaa vya magendo vya anga za mbali, halafu anaingia upande wa Ben. Ana gari lake, ana maneno makali, anampenda Gwen, na akikosea anapewa nafasi ya kukosea tena. Ndiye mhusika bora kabisa wa mfululizo huo. Kwa mara ya kwanza mtu aliandika kana kwamba yule mtoto wa treni alikuwa na kesho.

Lakini hata hapo mkono wa zamani haukutulia. Ilipokuja Ultimate Alien 2010, Kevin akapewa baba aliyekuwa Plumber, mwenzake Max. Kumbe naye alikuwa wa mtu! Halafu Omniverse ikaja ikasema kumbukumbu za huyo baba zilikuwa za kupandikizwa. Wakampa ukoo, wakamnyang'anya. Hawakujua wafanye nini na nguvu isiyo na baba.

Na sisi tunajua? Sasa Afrika inatengeneza katuni zake za siku zijazo, na nafurahi, nazitazama zote. Lakini angalia Iwájú, ile ya Lagos ya 2024 kutoka Kugali na Disney. Tola, binti tajiri wa kisiwani, anafikisha miaka 10 na baba yake anampa mjusi wa roboti wa kumlinda. Kole, mvulana maskini wa bara, amejifundisha teknolojia mwenyewe na anafanya kazi nyumbani kwa akina Tola. Nani amebeba kifaa? Nani analazimishwa kusaliti? Tumebadilisha mji, tukabadilisha lafudhi, tukaweka foleni na magari ya kupaa, na saa bado inaenda kwa mtoto wa mwenye nyumba.

Ninachotaka kutoka kwa waandishi wa rika langu ni kitu kimoja. Mkiandika Nairobi ya 2080, anzieni kituo cha treni. Mpeni nguvu mtoto asiye wa mtu, na msimpe treni ya kugonganisha ili mpate sababu ya kumfunga. Msimfichulie baba mheshimiwa katika sehemu ya mwisho. Mwacheni afike mwisho wa hadithi akiwa bado si wa mtu, na akiwa sahihi.

Na wewe unayeposti ile saa, endelea, sikukatazi. Ila ukimaliza, itafute ile sehemu ya "Kevin 11", uitazame hadi mwisho, kisha uniambie ni nani kati ya wale watoto wawili ulikuwa unaishi naye ploti moja.