Miaka 50 ya Makumbusho ya Lamu: Heshima kwa Mafundi wa Mkomani

Makumbusho ya Lamu yalitimiza miaka 50 mwaka 2021. Tangu yafunguliwe mwaka 1971, katika jengo la ufukoni lililokuwa makao ya watawala wa kikoloni, yametunza siwa, milango ya nakshi na vyombo vya wazee wetu. Watu wa Lamu tunayapongeza kwa kauli moja.

Hata hivyo, amana kubwa zaidi haimo kabatini. Imo katika kuta za nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani. Pita daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani) na misana (kumbi) miwili hadi chumba cha ndani: utakuta zidaka (vishubaka vya ukutani) safu juu ya safu, na lipu ya chokaa iliyochongwa ikiwa bado mbichi. Hakuna sura ya mtu wala mnyama. Ni mistari, miduara na majani yaliyogeuzwa ruwaza.

Ulaya huwahesabu Wassily Kandinsky na Hilma af Klint wa Uswidi kuwa waanzilishi wa sanaa dhahania. Af Klint alianza mwaka 1906. Hatuwapokonyi sifa yao. Lakini mafundi wa Mkomani walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu karne ya 18, wala hawakutia saini.

Sifa ya af Klint nayo ilichelewa: alifariki mwaka 1944, na picha zake zikaanza kujulikana duniani mwaka 1986. Mwaka huohuo mji wetu wa kale uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria. Mwaka 2001 UNESCO ikautambua kuwa urithi wa dunia. Bila makumbusho haya, safari hiyo ya kutambuliwa ingekuwa ndefu zaidi.

Njia haikuwa nyororo. Utekaji nyara wa mwaka 2011 na mashambulizi ya mwaka 2014 katika eneo letu viliwafukuza wageni. Saruji imeingia mahali pa chokaa, na kuta zilizozoea kupumua zinaoza kwa unyevu. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na litaleta watu, fedha na tamaa ya kujenga.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ni bayana. Serikali igharamie mafunzo ya vijana chini ya mafundi wa chokaa waliosalia. Wenye nyumba wasibomoe kabla ya kushauriana na makumbusho. Nayo makumbusho yaandike majina ya mafundi wanaokarabati kuta hizi leo, ili atakayehesabu waanzilishi kesho asiwaruke tena watu wa Lamu.