Banda la Gemu na Dhambi ya Darasa

Wapo wasemao, Kilosa na Mikumi kama kwingineko, kwamba kijana akifeli mtihani wa kulaumiwa ni mwenye banda la gemu. Ni kweli, saa zilizoliwa na mchezo hazirudi, na mzazi ana haki ya kumwita mwanawe nyumbani. Lakini hukumu hiyo humwachia huru mkosaji mkubwa.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kabla alama hazijapangwa upya, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima. Je, na wale wa vijiji visivyokuwa na umeme, wao walicheza gemu gani?

Mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili. Aingiapo sekondari hukuta baiolojia imevishwa Kiingereza asichokijua. Akikosea, huchekwa au huchapwa. Bandani akikosea, huanza tena, na wenziwe humwelekeza kwa lugha yake hata akaweza.

Sera ya Elimu ya 2014 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote. Sekondari ingali ikingoja. Yafungwe mabanda yote leo: aliyefanywa bubu darasani hatapata ulimi kesho.