Kigari cha Kiwete na Mzigo wa Harrison

Kuna hadithi fupi ya Kimarekani ambayo watu wenye elimu hupenda kuitaja kila mara mnyonge anapodai haki yake. Jina lake ni «Harrison Bergeron». Aliyeiandika ni Kurt Vonnegut, nayo ilichapwa katika gazeti mwaka wa 1961. Sisi tumeisoma zaidi ya mara moja, na tunasema wazi kwamba watu hao wanaitumia vibaya.

Kwa wasioijua, ni hivi. Tuko Marekani, mwaka wa 2081. Sheria imeamuru watu wote wawe sawasawa: asiwepo mtu wa kumpita mwenzake kwa akili, wala kwa nguvu, wala kwa uzuri. Na kwa kuwa Mungu hakuwaumba hivyo, serikali imetafuta vyombo. Mwenye nguvu anabebeshwa vyuma. Mwenye sura nzuri anafunikwa uso. Bwana George, baba yake Harrison, ana akili nyingi. Basi ametiwa redio ndogo sikioni, na kila sekunde 20 hivi inampigia kelele kali, ili wazo lisipate kukomaa kichwani mwake. Shingoni amefungiwa mfuko wa risasi wenye kilo 21. Mke wake Hazel hakuwekewa chombo chochote, maana akili yake ni ya kawaida tu.

Sasa, wasomaji wapenzi, tuulize jambo moja. Huyu Hazel amepewa nini? Hakupewa kitu! Tafuteni tangu mwanzo hata mwisho: hamtaona mjinga anayefundishwa, wala mgonjwa anayetibiwa, wala kiwete aliyepewa fimbo. Mashini zote za nchi ile ni za kupunguza. Hakuna hata moja ya kuongeza.

Tazameni basi yaliyotokea mwaka wa 2001. Casey Martin, mchezaji wa golfu, alikuwa na ugonjwa wa damu katika mguu wake wa kuume, na kutembea kulimtesa. Aliomba ruhusa ya kupanda kigari kutoka shimo hata shimo. Wenye mchezo walikataa, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Waamuzi 7 walimkubalia, 2 walikataa. Antonin Scalia, mmoja wa wale wawili, aliandika maneno ya kupinga, na mwishoni akaitaja hadithi hii, kana kwamba kigari cha kilema ni ndugu ya mfuko wa risasi wa George. Inatuuma kusema kwamba mwamuzi huyo alikuwa Mkatoliki kama sisi. Kigari kile kilimfunga nani? Kilimtia nani kelele sikioni? Wengine walibaki na miguu yao mizima, na Martin, hata akiwa amepanda, alichoka kuliko wao.

Mwaka wa 2005, katika jimbo la Kansas, maavoka waliokataa fedha za shule zigawanywe kwa usawa waliishika hadithi hiyo hiyo. Vonnegut alikuwa bado hai, naye akawajibu: aliandika juu ya akili na vipawa, na mali si ushuhuda wa akili wala wa kipawa. Tajiri anajiona yeye ndiye Harrison! (Na huyo Harrison naye, kijana wa miaka 14, tusimfanye mtakatifu. Alipovunja minyororo yake mbele ya televisheni, neno lake lilikuwa kujitangaza mfalme na kuamuru wote wamtii.)

Wanaoitaja hadithi hii kwa majivuno hupenda kurudia mwanzo wake, habari ya sheria na usawa. Mwisho wake hawautaji. Mkuu wa serikali mwenye kazi ya kuwafungia watu mizigo anaingia na bunduki, anamwua Harrison pamoja na binti aliyecheza ngoma naye. Hazel ameona yote katika televisheni. George alikuwa amekwenda jikoni kuchukua bia. Anaporudi anaona machozi usoni mwa mkewe, anamwuliza sababu. Mama hakumbuki tena. Anajua tu kwamba aliona jambo fulani la huzuni. Na George, redio inalia tena sikioni mwake.