Presha ya bibi: ya chini nzuri, tatizo liko kwenye pengo

Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi la Lindi pale Miteja, nikamkuta bibi barazani anapepeta ufuta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijatua begi akanipa habari: "Mjukuu wangu, presha imeniachia. Vidonge nimeviweka kando."

Nikaomba daftari lake la kliniki. Vipimo vitatu vya mwisho vilisomeka 168/74, 172/76 na 170/72. Jirani yake, naye ana presha, alikuwa amemwambia kuwa namba ya juu hupanda kwa hasira na kwa mwendo tu. Ya kuangalia ni ya chini, na ikiwa chini ya 90 basi umepona. Jirani hakuzua. Kwa miaka mingi hata madaktari walitilia mkazo zaidi namba ya chini, na maneno hayohayo nayasikia Dar es Salaam kwa watu wenye shahada zao. Lakini kwa mama wa miaka 73 mwenye vipimo kama hivi, ni maneno ya hatari.

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa wakati moyo unajikamua. Ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo umelegea unajaza damu nyingine. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki. Toa ya chini kwenye ya juu, utapata pengo. Mwenye 120/80 ana pengo la 40, na hilo ndilo la kawaida. Bibi yangu alikuwa na 94, 96 na 98. Kwa mtu mzima mwenye umri mkubwa, pengo likizidi 60 wataalamu huanza kushuku kuwa mishipa mikubwa imekakamaa.

Nilimweleza kwa mfano wa pampu ya mkono ya kisimani. Ukikandamiza, maji yanaruka. Ukiinua mkono, yanakatika. Sasa funga mpira laini kwenye mdomo wa pampu. Kila ukikandamiza mpira unatuna, na mkono ukipanda mpira unajinywea, unaendelea kusukuma maji. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo hufanya kazi hiyo hiyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa takriban mililita 70 kila pigo, kama kikombe cha kahawa ya barazani. Mshipa wa kijana hutuna kuipokea, kisha hujirudi taratibu.

Miaka ikienda, na presha, kisukari na sigara vikiusaidia uzee, ule mpira unageuka bomba gumu. Halitanuki, kwa hiyo kila pigo linagonga kwa kishindo: namba ya juu inapanda. Halina pia cha kujirudi moyo ukipumzika, kwa hiyo ya chini inashuka. Ndiyo maana kwa watu wengi namba ya chini hupanda mpaka miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kuteremka yenyewe huku ya juu ikiendelea kupanda. Bibi aliona 74 akashangilia. Kwangu mimi, 74 iliyo chini ya 168 ilikuwa dalili ya bomba gumu.

Kishindo hicho hupiga mishipa midogo ya ubongo na ya figo. Moyo nao hupata hasara mara mbili: unasukuma kwa nguvu zaidi, na wenyewe hulishwa damu yake zaidi wakati umelegea, yaani wakati ile namba ya chini imeshuka.

Kutibu kunasaidia? Marekani walifanya utafiti kwa watu zaidi ya 4,700 wa miaka 60 na kuendelea, ambao ya juu ilikuwa 160 au zaidi na ya chini haijafika 90. Ni watu wa aina ya bibi yangu kabisa. Matokeo yalitoka mwaka 1991: waliopewa dawa walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 36 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Msichukue hesabu hii mkaifanya kipimo cha kujitibu. Mjamzito mwenye 140/100 ana pengo la 40, zuri kabisa kwa kuliangalia, na bado anatakiwa hospitali leo, hasa kama kichwa kinamuuma au macho yanaona ukungu. Pengo linaweza pia kupanuka kwa homa, kwa upungufu mkubwa wa damu au kwa tatizo la mlango wa moyo.

Kuna pia pengo linalosinyaa, na hilo linawahusu zaidi wenye watoto. Mwili ukipoteza damu au maji, mishipa hujibana ili presha isianguke. Ya juu inashuka kidogo, ya chini inashikilia. Mzazi aliyetoka kujifungua akisoma 100/82, ndugu wanaweza kusema mia si mbaya, lakini pengo ni 18 tu, na huenda anavuja damu. Kwa mtoto mwenye homa ya dengi, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, pengo la 20 au chini yake ni ishara kuwa damu haizunguki vizuri. Ubaya wake, hali hiyo huja mara nyingi homa inapoanza kushuka, nyumbani wote mkishukuru. Huna mashine? Shika mikono na miguu yake. Ikiwa ya baridi, analegea, anatapika mfululizo au tumbo linamuuma sana, usingoje asubuhi.

Kesho yake tulikwenda Kivinje, hospitali ya Kinyonga. Bibi alikaa dakika tano bila kuongea (kazi kubwa kwake), mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, akapimwa mara mbili. Alirudishiwa dawa na kuambiwa anapoamka aketi kwanza kitandani kabla ya kusimama, maana wazee presha huweza kuwashuka ghafla. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko cha chai, na hapo ugomvi ulikuwa juu ya ng'onda. Tumeafikiana ailoweke usiku kucha, amwage maji, na asile kila siku.

Jumapili alinipigia simu. Kipimo kilikuwa 148/72. Nikaanza kumpongeza, akanikatiza: "Sabini na sita, mjukuu wangu. Bado pana hilo."